Taa ya Kwanza ni ya Shemeji

Jumapili, 24 Oktoba

Mama ameamua. Mwaka huu sikukuu ya taa tunafanya puja, ibada yetu, hapa hapa nyumbani — na pandit wa kuiongoza, na kengele, na kila kitu. Siyo tena mimi kusoma maneno ya sala kwenye simu huku maziwa yanafurika jikoni.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema daktari wa macho ndiye aliyeamua. Jicho la kushoto limeshafunga duka. La kulia linaona kwa kuchungulia, na mwakani huenda nalo likafunga. “Nataka nizione taa nikiwa bado na cha kuonea,” akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Halafu akaleta la pili. Nimpigie simu Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa! Miaka saba, tangu msiba wa Baba, yeye na Mama hawajasemezana. Kisa ni Devi, sanamu yetu ya mungu wa kike, yule wa shaba, hazidi urefu wa mkasi wangu mdogo. Yuko kwenye ukoo tangu babu wa babu. Baba Mkubwa alidai akae kwa mtoto wa kwanza, yaani kwake. Mama akamficha kwenye pipa la mchele mpaka wageni wa msiba walipoondoka. Leo huyo huyo Mama anasema: mpigie shemeji, mwambie aje, awashe taa ya kwanza, maana ndiye mkubwa wetu. Puja ikiisha nitamkabidhi Devi wake kwa mikono yangu, nikimwona usoni.

Nimesema sawa.

Lakini siku ile ya msiba si Mama peke yake aliyeambiwa maneno. Baba Mkubwa alisema nyumba isiyo na mwanamume haiwezi kutunza mungu. Kisha akanitazama mimi, akasema, “Na huyu ni mzigo uliokosa mchukuzi.” Mbele za watu! Nilikuwa nimebeba sinia la chai, vikombe kumi na viwili. Sikumwaga hata tone. Nakumbuka vile vikombe kuliko ninavyoikumbuka sura ya Baba siku ile.

Jioni Mama akauliza, umempigia? Nikajibu, nimempigia. Akauliza, amesemaje? “Amefurahi. Amesema atajitahidi aje.”

Mdomo ulijisemea. Mama alishika kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea zawadi. Basi, kesho nitampigia kweli, mambo yaishe.


Jumatatu, 25 Oktoba

Leo nimempata pandit. Kazi! Simu yake inaita kama ofisi ya serikali — mara ya kwanza haipokelewi, ya pili haipokelewi, ya tatu inakatwa. Mwishowe alipokea mwenyewe, yuko kwenye pikipiki, upepo unavuma. Ana nyumba saba siku hiyo. Yetu anaweza kuiweka ya sita, kuanzia saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na taa ya kwanza iwe imewaka kabla ya saa mbili kasorobo. Baada ya hapo saa njema imepita, hata nikimlipa dhahabu. Nikamwambia, Panditji, kwa dakika ipi hasa? Hakujua ninamtania. Akanitajia dakika. Nimeshampa jina: Pandit Dakika.

Akauliza maswali yake. Jina la ukoo? Nikasema. Walio hai ni wangapi? Nikasema. Nyumbani hakuna kifo wala uzazi siku hizi, kwenu na kwa ndugu wa upande wa baba? Maana penye msiba puja haifanyiki mpaka siku kumi na tatu ziishe, yeye hataki kulaumiwa na mungu wala na watu.

“Hakuna, Panditji. Sisi wazima kama chuma.”

Hiyo ilikuwa kweli. Naiandika kwa sababu ilikuwa kweli.

Mume wa Redio alikuja kuazima ngazi. (Redio ni jirani wa chini. Mumewe hasemi, mkewe anasema kwa niaba ya wote wawili.) Alisimama mlangoni, mrefu vile, Mama akadhani ni fundi umeme. Jicho limekwenda kweli.

Sijampigia Baba Mkubwa. Nilikuwa na mapazia ya hospitali ya kushona, madirisha kumi na manne, yote marinda.


Jumanne, 26 Oktoba

Sijapiga. Nilishika simu mara tatu. Nikaanza kujiuliza nimwamkieje — shikamoo ya mtu aliyeniita mzigo? Nikarudisha simu kwenye droo ya vifungo.

Mama ameanza kumsugua Devi kwa ndimu na majivu. Anamsugua kwa vidole, macho ameyafumba. Anasema anamjua kwa kumpapasa.


Jumatano, 27 Oktoba

Marinda. Marinda. Marinda. Sijapiga.

Mama ameniagiza nishone mto mpya wa kukalia, mwekundu, wa shemeji. Magoti yake si mazuri, anasema, asikae chini kama sisi.


Ijumaa, 29 Oktoba

Saa tatu asubuhi namba nisiyoijua. Nilidhani mtu wa mapazia.

Ilikuwa kaka — mtoto wa Baba Mkubwa. Sijaisikia sauti yake miaka saba. Akasema, “Dada, Baba ametutoka leo alfajiri.” Mapafu. Wanampeleka kuchomwa leo leo jioni, tusihangaike na safari, ni siku nzima kwa basi na hatutawahi. Akasema, “Mwambie Mama Mdogo. Nilitaka nimwambie mwenyewe, nimeona ni bora alisikie kwako.”

Nikasema pole. Nikauliza alianza kuumwa lini. Wiki ya pili sasa, akasema, lakini akili yake ilikuwa sawasawa, alikuwa anaongea vizuri kabisa mpaka Jumanne.

Mpaka Jumanne.

Jumapili alikuwa anaongea. Jumatatu alikuwa anaongea. Jumanne nilishika simu mara tatu nikairudisha kwenye vifungo.

Nikaenda kuoga. Kwetu ukisikia kifo cha ndugu unaoga pale pale. Nilijimwagia maji kichwani, nguo mwilini. Mama akaniuliza kutoka chumbani, mbona unaoga mara ya pili? Nikasema, joto.

Joto! Na mvua inanyesha.

Nilitoka bafuni nikiwa nimeamua kumwambia. Nikamkuta amekaa sakafuni na vitaa vyetu vya udongo, ishirini na kimoja, anavihesabu kwa vidole, anavipanga. Kimoja amekitenga pembeni. “Hiki cha shemeji,” akasema. “Unajua, mwanangu, nilimkosea mimi pia. Nilimwita mwizi wa miungu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Sikumwambia. Nimejiambia: nikisema, hakuna puja, na mwakani hana macho. Wiki moja tu, aone taa zake, halafu nitasema. Inasikika vizuri ukiiandika hivyo. Lakini nikisema kifo, ataniuliza: alipokuambia Jumapili kwamba amefurahi, sauti yake ilikuwaje? Hapo ndipo penye mwiba. Nasingizia macho ya Mama, na ninachoficha ni uso wangu mwenyewe.


Jumamosi, 30 Oktoba

Pandit Dakika alipiga kuhakikisha. Orodha yake: maua, maziwa, asali, kafuri, nazi moja yenye kishungi, kitambaa chekundu kisichowahi kufuliwa. Nimwandikie majina ya walio hai atakaowataja. Halafu lile swali tena, haraka haraka, kama kondakta anayeuliza nani anashuka: “Na hakuna kifo wala uzazi?”

Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

“Hakuna, Panditji.”

Uongo wa kwanza ulinitoka bila mimi kujua. Huu niliusema nikiwa na akili zangu timamu, nikisikia kila herufi.


Jumapili, 31 Oktoba

Majina. Mama anataja, mimi naandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo, maana ndiyo kubwa, anataka aweze kuona herufi.

“Anza na shemeji. Mkubwa huanza.”

Nikaandika jina la Baba Mkubwa juu kabisa, kwa kalamu nene. Apewe afya na maisha marefu. Kisha Mama. Kisha mimi. Kisha kaka na watoto wake. Mama akainama mpaka pua ikagusa karatasi, akalifuata jina lile kwa kidole, akasema mwandiko wangu umeharibika, mbona unatetemeka kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Sijala mchana. Nimesema tumbo.

Tangu Ijumaa simgusi Devi kwa mkono mtupu. Mtu mwenye msiba hagusi. Mama akiniambia nimsogeze, namshika kwa kipande cha kitambaa. Kichekesho — naogopa kumchafua mungu kwa vidole, lakini ulimi je?


Jumatatu, 1 Novemba

Kaka amepiga tena. Sikupokea. Ameacha ujumbe wa sauti: amenyoa kichwa, mambo yote yamekwenda salama. Anauliza Mama Mdogo amepokeaje. Anasema hakutegemea tupige simu, lakini alitegemea kidogo.

Nimeusikiliza nimejifunika mto kichwani, mguu ukikanyaga cherehani ili Mama asisikie. Sindano ikavunjika. Nimeharibu pazia la watu.

Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu! Najificha chini ya mto!


Jumatano, 3 Novemba

Jana sikuandika, sikuwa na la kuandika ila aibu, na hiyo iko kila ukurasa.

Leo nilijaribu njia ya panya. Nilisema, “Mama, Baba Mkubwa huenda asiweze kuja. Magoti yale. Safari ni ndefu.”

Nilitarajia ahuzunike kidogo, aseme basi, Mungu hakupenda, tuanze bila yeye. Haikuwa hivyo. Akanyoosha mkono. “Nipe simu niongee naye mwenyewe. Atasikia sauti yangu, atakuja hata kwa kutambaa.”

Ningefanya nini? Nikabonyeza namba ya Baba Mkubwa, ile niliyokuwa nayo tangu zamani, nikamwekea sikioni. Nilijua. Wamekwisha kuizima. Mwanamke wa kwenye mtandao akasema namba haipatikani.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. “Unaona? Ameshapanda basi. Njiani huko hakuna mtandao.”

Akaniambia nichome ubani chumbani kwangu, shemeji atalala huko. Mimi nitalala sebuleni.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Badala yake nimetandika kitanda cha marehemu — shuka safi, mito miwili, glasi ya maji. Nimetandika vizuri hata. Kona zimekaa sawa. Mungu wangu, mimi ni mtu wa namna gani?


Alhamisi, 4 Novemba. Asubuhi

Mama ameamka kabla ya jogoo. Ameoga, ameomba sari ya rangi ya machungwa, ile aliyoifungia sandukuni tangu Baba afe. Nimempangia mikunjo. Nimeshona marinda ya mapazia maisha yangu yote, leo mikunjo ya sari moja nimeirudia mara tatu.

Redio amepita kutusalimia, ameona maua, akasema nyumba imekuwa ya harusi. Akauliza tunamngoja nani. Mama akamjibu kwa sauti ya ngazi nzima: “Shemeji yangu anakuja! Wa miaka saba!” Sasa jengo lote linajua.

Nikimwambia leo asubuhi, nitamvua ile sari.

Nitamwambia kesho. Kesho asubuhi na mapema, kabla ya chai. Naapa — kwa nani, sijui. Siwezi kuapa kwa Devi.


Jioni hii hii

Naandika nimesimama chumbani kwangu, daftari juu ya meza ya kukatia, chaki imenijaa mkononi. Nimewaambia nakwenda kutafuta kafuri. Kafuri iko mfukoni tangu mchana.

Pandit alifika saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa. Kijana kuliko nilivyodhani, ndevu chache, viatu ameviacha mlangoni vimelowa. Alipanga kila kitu upesi, mchele, nazi, maji. Kitambaa chekundu juu ya kigoda. Akasema tuanze.

Mama akasema bado. Taa ya kwanza ni ya shemeji.

Pandit akatazama saa. Akasema kwa adabu, Mama, saa njema haisubiri basi. Mama akamjibu, “Nimemsubiri miaka saba, Panditji. Wewe nisubirie dakika.” Amekaa ameelekea mlangoni, mto mwekundu mtupu kulia kwake. Vitaa ishirini na kimoja vina mafuta na tambi, vyote giza. Hataki hata kimoja kiwashwe. Ameshika kiberiti yeye.

Dakika kumi. Ishirini. Pandit akaniambia nimsogeze Devi juu ya kigoda. Nikamshika kwa kitambaa.

Akanitazama mikono. Akainuka, akasema anaomba maji ya kunywa, akanifuata jikoni.

“Dada, kwa nini humgusi?”

Nikasema nina jeraha. Akasema, sioni jeraha. Kisha akauliza polepole, kama daktari: “Ni nani?”

Nikakunjua ile karatasi ya majina, nikamwonyesha jina. La juu kabisa.

“Lini?”

“Ijumaa.”

Mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama saa. Nilingoja anitukane, ningefurahi. Akasema yeye ana nyumba moja bado, na mama yake mwenyewe yuko kama huyu. Akasema hatamwambia Mama, si kazi yake, mwenye msiba ndiye husema msiba. “Lakini jina hili siwezi kulitaja kati ya walio hai. Nikiliruka, atasikia. Wewe amua. Kama ni kusema, sema kabla sijafungua mdomo. Mimi nitakaa hapo kama mgeni tu.”

Amerudi sebuleni. Nasikia anamwambia Mama binti anatafuta kafuri.

Saa moja na dakika ishirini na mbili.

Natoka. Namalizia sentensi hii natoka. Nitapiga magoti mbele yake, nitamwambia yote kwa mpangilio — kwamba sikupiga, kwamba hakufurahi, kwamba hakujua hata kama anaitwa. Amekufa akidhani bado tuna kinyongo. Hilo ndilo litakalomuua Mama, siyo kifo.

Hatua kwenye ngazi. Nzito, za mtu mzima.

Mlango umegongwa. Nimechungulia kwenye upenyo. Ni mume wa Redio. Anarudisha ngazi yetu, ameiegemeza ukutani, ameona maua na pandit na amevua kofia. Amesimama kwenye giza la mlango, mrefu, kimya kama kawaida yake.

Mama ameinuka. Ameinuka mwenyewe bila kushikwa, amevuta sari kufunika kichwa. Analia. “Karibu, shemeji. Nilijua. Nilijua tu. Njoo, mto wako huu hapa.”

Yule mtu hajibu. Pandit ameinamisha kichwa.

“Usiseme kitu, shemeji. Mimi ndiye wa kuomba radhi. Washa kwanza.” Anamnyooshea kiberiti. Mkono wake uko hewani, unamtafuta.

Mume wa Redio anatazama huku, kwenye upenyo wa mlango wangu. Pandit naye anatazama huku. Wananisubiri mimi, na mimi bado naandika.